Jicho la Kamera na Jicho la Mlinzi

Askari wengi hutazama filamu kwa namna moja. Hukaa bwaloni baada ya chakula cha jioni, taa zikazimwa, na kwa muda wa saa moja na nusu hucheka, hushangilia na kuwatukana maadui walio ndani ya picha. Taa zinapowashwa, mazungumzo huwa ni nani alimpiga nani. Mimi nami nilikuwa hivyo, ingawa kazi yangu ya uhusiano jeshini hunilazimu kubeba kamera mara nyingi kuliko bunduki. Aliyenizindua hakuwa mkufunzi wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Alikuwa binti wa Masafu, mwanafunzi wa mambo ya habari katika chuo kimoja cha Kampala, aliyerudi nyumbani likizo akiwa na kazi mbili alizopewa na walimu wake: kuandika uchambuzi wa filamu moja, na kutengeneza filamu yake mwenyewe ya dakika tatu.

Masafu imo katika wilaya ya Busia, upande wa Uganda, katika nchi ya Wasamia. Ni mahali pa mihogo na wimbi, pa samaki waletwao kutoka ziwani, na pa watu ambao shangazi zao wako Kenya na mashamba yao yako Uganda, au kinyume chake. Kwa wale ndugu askari ambao hawajapata kuhudumu mpakani, niwakumbushe kwamba neno boda boda, linalotumiwa leo karibu Afrika Mashariki yote, lilizaliwa katika sehemu hizi za Busia, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria na mizigo yao kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Baiskeli ya namna hiyo itatokea tena katika makala haya.

Nilikuwa huko kwa shughuli za uhusiano kati ya jeshi na raia. Binti alikuja kuomba ruhusa ya kupiga picha mahali pa watu wengi, na polisi, kwa busara, wakamwambia amngoje afande wa uhusiano. Nilimpokea kwa ile sauti ambayo sisi maofisa huwapokea nayo wanafunzi. Nikamwuliza anatafuta nini katika picha zake. Naye, kwa adabu zote, akanijibu kwa swali:

"Afande, wewe ukitazama filamu, huwa unatazama nini?"

"Natazama hadithi," nikasema.

"Na hadithi hiyo imeandikwa kwa nini? Hakuna karatasi wala kalamu."

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba filamu ya kawaida ya sinema hupita mbele ya macho kwa picha ishirini na nne kila sekunde, na kwamba kila picha imewekwa pale kwa amri ya mtu. Mtu huyo ameamua kamera isimame wapi, iwe juu au chini, ione nini na iache nini, na picha gani ifuate baada ya ipi. Anayechambua filamu hufanya kazi ya kurudi nyuma, kutoka katika picha hadi katika amri. Huuliza: kwa nini hapa? Kwa nini sasa? Nani hayumo?

Hapo ndipo nilipokumbuka shule ya makadeti. Katika majuma ya kwanza tulipelekwa juu ya kilima, tukalazwa kifudifudi, tukaambiwa tuitazame ardhi. Tuliona nyasi na miti. Mkufunzi akatucheka, kisha akatufundisha kuigawa ardhi katika sehemu tatu, ya karibu, ya kati na ya mbali, na kuipitia kila sehemu kwa macho kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu jicho lililozoea kusoma kutoka kushoto huteleza likienda njia yake ya kila siku. Akatukaririsha sababu zinazofanya kitu kionekane: umbo lake, kivuli chake, mng'ao wake, jinsi kinavyojichora juu ya anga, rangi na sura ya ngozi yake, nafasi kati yake na vingine, na mwendo wake. Baada ya juma moja tuliweza kuona watu saba waliojificha mahali ambapo mwanzoni tuliona nyasi tu.

Nilipomweleza binti mambo hayo, akafungua daftari lake na kuyaandika. Akasema kwamba walimu wake wa kamera hufundisha karibu yale yale, ila kwa kusudi jingine. Askari hujifunza kivuli na mng'ao ili asionekane. Mpiga picha hujifunza hivyo hivyo ili mtu aonekane. Picha nazo zina mbali, kati na karibu: ya mbali humwonyesha mtu pamoja na mahali alipo, ya kati humwonyesha kuanzia kiunoni pamoja na anachofanya kwa mikono, na ya karibu humchukua uso peke yake na kumtenga na ulimwengu. Kamera ikiwekwa chini na kumtazama mtu kwa juu, humfanya mkubwa. Ikiwekwa juu, humfanya mnyonge. Naam, nikawaza, ndiyo maana katika picha za magwaride tunaambiwa tupige magoti mbele ya mgeni rasmi.

Lakini lililonishika zaidi ni habari ya kukata na kuunga, kazi ambayo wenyewe huiita uhariri. Mnamo miaka ya 1920 au kabla kidogo, Mrusi mmoja aitwaye Lev Kuleshov, aliyefundisha katika shule ya filamu ya Moscow, alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji, uso mtulivu usio na furaha wala huzuni, akaiunga na picha ya sahani ya supu. Kisha akaiunga picha ile ile na picha ya jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: jinsi alivyoonyesha njaa mbele ya supu, na jinsi alivyoomboleza mbele ya jeneza! Uso ulikuwa mmoja. Njaa na msiba walivileta wao wenyewe, kutoka katika picha iliyofuata.

Ndugu polisi, lipime jambo hilo kwa kazi yako. Uso wako ukiwa kazini mara nyingi ni mtulivu kama wa mwigizaji yule. Yuko mtu mwenye simu ya mkononi anayeweza kuuunga na picha ya mama anayelia, au na picha ya mtoto unayemvusha barabara. Nawe hutakuwa umebadilisha hata ukope mmoja.

Inafaa ieleweke kwamba elimu hii haikuletwa kwetu kwa ajili ya kutunufaisha. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Meja Notcutt na wenzake waliweka kituo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, wakatengeneza filamu zipatazo 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na utii wa kodi, wakazizungusha kwa lori hata zikafika Kenya na Uganda. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda kitengo chake cha filamu za makoloni, na kiongozi wake, William Sellers, aliyekuwa kabla ya hapo mtu wa afya huko Nigeria, akashikilia kwamba Mwafrika wa kijijini aonyeshwe picha ndefu, za polepole, zisizo na mikato ya haraka, maana akili yake haitaweza kuzifuata. Waliigiza Waafrika mbele ya kamera. Walioamua wapi pa kukata walikuwa wengine.

Kuna kisa cha kuku ambacho huelezwa katika vyuo vya habari duniani kote. Msomi mmoja wa London, John Wilson, alisimulia habari za filamu iliyotengenezwa kuwaonyesha wanakijiji wa Afrika jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama. Mkaguzi wa afya anaokota makopo, anamwaga maji, anafukia, yote polepole kabisa, kwa dakika tano hivi. Filamu ilipokwisha watazamaji wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: tumeona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba mna kuku ndani yake. Wakaipitia picha moja baada ya nyingine, na kweli, kwa muda wa kama sekunde moja, kuku alipita katika pembe ya picha. Mwandishi Marshall McLuhan alikitia kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1962, na tangu hapo wengi wamekitumia kuthibitisha kwamba watu wale hawakujua kutazama filamu.

Mimi nakisoma vingine, na nadhani mlinzi yeyote aliyepata kukesha lindoni atakubaliana nami. Watu wale waliupitia uwanja wote wa picha, pembe kwa pembe, na wakataja kitu kilichokwenda mbio. Mabwana waliokuwa na kamera walitazama pale tu walipokusudia kutazama. Kama ningepewa nafasi ya kuchagua mtu wa kumweka lindoni usiku, nisingemchukua bwana wa kamera.

Sasa nieleze filamu ambayo binti wa Masafu aliichagua kuichambua, maana ilinishangaza. Hakuchagua hadithi ya mapenzi. Alichagua filamu ya mwaka 1974 iliyotengenezwa na Barbet Schroeder, mwongozaji kutoka Ufaransa, juu ya Jenerali Idi Amin, mpiga picha akiwa Néstor Almendros. Jina la filamu hiyo linadai kwamba ni picha aliyojichora Amin mwenyewe, na dai hilo lina ukweli, kwani Amin ndiye aliyewaambia wageni waje lini, wapige nini na waelekeze kamera wapi. Aliona amepata wapiga picha wa kumtukuza. Hata muziki wa kinanda uliomo aliupiga yeye.

Binti alinionyesha sehemu mbili, akazisimamisha mara kwa mara. Ya kwanza ni ya mazoezi ya vita. Amin anawaonyesha wageni jinsi atakavyoiteka Milima ya Golan kutoka mikononi mwa Israeli, na askari wanashambulia kilima cha hapa hapa Uganda. "Afande, wewe ni mwanajeshi," akasema, "hesabu." Nikahesabu. Katika picha ya karibu, uso wa jemadari umejaa ushindi. Kamera inapotazama kwa mbali, ushindi huo unabaki katika kikosi kidogo juu ya kilima kitupu. Hakuna maneno ya matusi yaliyosemwa na mtengenezaji. Aliweka tu picha ya mbali baada ya picha ya karibu.

Sehemu ya pili ni ya kikao cha Baraza la Mawaziri. Amin anasema, tena anasema sana. Mawaziri wanasikiliza na kuandika. Msimulizi anamtaja waziri wa mambo ya nje, ambaye muda mfupi baadaye maiti yake ilipatikana katika mto Nile. Huyo alikuwa Luteni Kanali Michael Ondoga, naye aliuawa mwaka huo huo wa 1974. Ukiisha kuambiwa hivyo, huwezi tena kuzitazama kalamu za wale mawaziri wengine kama ulivyozitazama mwanzo. Mkono unaoandika haraka unakuwa mkono wa mtu anayeogopa. Ni supu na jeneza la Kuleshov, ila safari hii jeneza ni la kweli.

Yaliyofuata yanajulikana. Filamu nzima ilipoonyeshwa Ulaya, Amin alipata habari ya yaliyomo, akamtaka Schroeder akate sehemu fulani. Schroeder alikataa. Ndipo Amin akawakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda katika hoteli moja ya Kampala na kuwafanya dhamana ya mikato hiyo, na mwongozaji akakata dakika mbili na kitu. Baada ya utawala ule kuanguka mwaka 1979, vipande vilirudishwa. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mtu aliyekuwa na majeshi, magereza na redio alitishwa na dakika mbili za picha ambazo yeye mwenyewe alizisimamia zikipigwa.

Katika jambo hilo hilo la askari na kamera, binti alinitajia Ousmane Sembène wa Senegali, nami namtaja hapa kwa sababu alikuwa mwenzetu. Alihudumu katika jeshi la Kifaransa wakati wa vita vya pili vya dunia, akafanya kazi bandarini Marseille, akawa mwandishi wa vitabu. Alipoona watu wa kwao hawawezi kusoma vitabu vyake, akaenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960, naye akiwa mtu mzima mwenye umri wa karibu miaka arobaini, akaketi darasani kujifunza kamera. Mwaka 1988, pamoja na Thierno Faty Sow, alitoa filamu juu ya kambi ya Thiaroye, karibu na Dakar, ambako tarehe 1 Desemba 1944 askari wa Kiafrika waliorudi kutoka vitani na kudai malipo yao walipigwa risasi na jeshi lile lile walilolipigania. Habari ambayo ingalibaki katika majalada ilipata watazamaji kwa sababu askari mmoja mzee alijifunza kukata na kuunga.

Niseme kidogo juu ya ufundi wenyewe, kwa faida ya wale vijana vikosini wenye simu nzuri na hamu ya kupiga picha.

Ipo kanuni moja ambayo laiti ningeijua mapema. Kati ya watu wawili wanaozungumza, au mbele ya kikosi kinachokwenda, kuna mstari usioonekana. Kamera ichague upande mmoja wa mstari huo na ibaki huko. Binti alinieleza kwa mfano wa mpaka: mtu wa Uganda anamtazama mtu wa Kenya, naye wa Kenya anamtazama wa Uganda, ukipiga mmoja ukiwa kusini na mwingine ukiwa kaskazini, kisha ukaunga picha zako, wote wawili wataonekana wanatazama upande mmoja, kama wanaongojea basi. Nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa na uchungu. Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kupiga filamu ya zoezi la kombania moja. Nilipiga mashambulizi kutoka kushoto, na kwa kuwa jua lilinichoma machoni nikavuka kwenda kulia. Siku ya kuionyesha mbele ya wakubwa, kombania ilisonga mbele kwa ushujaa hadi katikati ya filamu, kisha, bila adui yeyote kuonekana, ikageuka na kukimbia ilikotoka. Vijana waliojituma tangu alfajiri walichekwa na ukumbi mzima. Hawakurudi nyuma hata hatua moja. Ni mimi niliyevuka mstari. Nilijitetea kwamba kamera ilikuwa na hitilafu, na uongo huo nauungama leo kwa mara ya kwanza.

Mengine ni ya kawaida. Mchana wa jua kali, nyuso nyeusi mbele ya anga jeupe hugeuka makaa. Afadhali asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi, na jua liwe ubavuni. Kamera itulie juu ya miguu mitatu, na kama huna, iegemeze ukutani. Kila picha ishikwe sekunde kumi bila kuhamahama. Na sauti! Wengi hudhani filamu ni macho tu. Upepo mdogo usiousikia wewe hunguruma ndani ya kinasa sauti kama lori linalopanda mlima.

Wala kijana asiseme kwamba hana vifaa. Wakaliga, katika kitongoji cha Kampala, Nabwana Isaac, aliyepata kuwa mfyatua matofali, alitengeneza filamu ya makomando iitwayo Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, kwa fedha ambazo hazingetosha kununua kamera ya kawaida ya studio. Bunduki zake zilitengenezwa kwa vyuma chakavu na mbao, na kompyuta aliziunganisha mwenyewe kutokana na vipuri. Kama mwanajeshi nina malalamiko: makomando wake hukusanyika pamoja kama kuku wa Krismasi, na guruneti moja lingewamaliza wote. Lakini imetazamwa duniani kote. Nakala yake ya kwanza haipo tena, kwa kuwa ilimbidi aifute ili apate nafasi ya kazi iliyofuata. Iliyosalia ni ile yenye sauti ya mfasiri wa vibandani anayepiga porojo juu ya picha. Wekeni akiba ya nakala, ndugu zangu.

Sasa nirudi kwa filamu ya dakika tatu. Soko ambalo binti aliipiga sitalitaja, wala sitawataja waliomo. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Binti alisimamisha kamera kando ya njia, akaiacha itazame. Mama mmoja alikuwa amesimamisha baiskeli yake yenye beseni la nyanya. Konstebo kijana akaja kumwambia aiondoe njiani. Maneno yakazidi, watu wakageuka, na binti, kama ambavyo mpiga picha yeyote angefanya, akaing'oa kamera na kukimbilia karibu. Akapata picha nzuri sana: uso wa mama umejaa ghadhabu, mkono wa konstebo umeshika usukani, nyanya zinabingirika matopeni, kiatu cheusi katikati yake.

Jioni alinionyesha jinsi alivyoziunga. Sekunde kumi na mbili. Uso, mkono, nyanya, kiatu. Hakuna mtu duniani ambaye angetazama sekunde hizo asimchukie konstebo yule, na kupitia kwake, sare zote.

Damu ilinichemka. Wazo langu la kwanza, ndugu msomaji, lilikuwa kumwamuru azifute. Nilikuwa na cheo, nilikuwa na sauti, na yeye alikuwa mwanafunzi aliyekuja kuomba ruhusa. Sijui kilichonizuia, labda ni zile dakika mbili za Amin tulizokuwa tumezizungumza siku iliyotangulia. Nikamwuliza kama ana picha nyingine. Akanionyesha ile ndefu, iliyopigwa kabla hajaing'oa kamera, pamoja na kipande cha mwisho, ambamo konstebo huyo huyo amechutama akiokota nyanya na kuzirudisha katika beseni.

"Basi!" nikasema. "Anza na hii ya kuokota. Kila mtu ataona polisi mwema."

Akatabasamu. "Afande, huo nao ni uongo. Tofauti ni kwamba huu ni wako."

Aliichukua picha ndefu, sekunde arobaini nzima, bila mkato. Siku ya tatu tuliitazama katika kibanda cha video cha mtaani, kilichoazimwa kwa saa moja kabla ya mechi. Walikuwapo mama wa nyanya, konstebo mwenyewe aliyeketi karibu na mlango, wenzake wawili, na sajini mmoja mstaafu ambaye huja kibandani kila siku hata kama hakuna kitu. Katika picha ile ya mbali mgongo wa konstebo unaficha sehemu ya tukio. Unaona mkono unakwenda kwenye usukani, unaona nyanya zinaanguka. Kila mmoja kibandani aliona alichokuja nacho.

"Rudisha," akasema mzee sajini.

Ikarudishwa mara tatu. Mara ya nne akainuka, akaenda mpaka kwenye pazia na kuweka kidole chake chini kabisa, pembeni, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama. "Tazameni mguu wa baiskeli."

Mguu ule wa kuegemezea ulikuwa ukididimia matopeni. Taratibu, tangu sekunde ya ishirini hivi, beseni lilikuwa limekwisha kuanza kulala upande, na mkono wa konstebo ulikwenda kwenye usukani baadaye. Alikuwa akiizuia isianguke. Konstebo mwenyewe hakulikumbuka hilo. Alikuwa amekwisha kuamini, kama sisi sote, kwamba ameziangusha yeye. Mimi niliyefundishwa kuipitia ardhi kutoka kulia kwenda kushoto nilikuwa nimeitazama picha hiyo mara tano.

Nilitaka kushangilia, lakini mama wa nyanya alikuwa hajamaliza. "Sawa, hakunisukuma," akasema. "Lakini alinifokea mbele ya watu, na maneno aliyoyasema hayamo humu." Kweli hayakuwamo. Upepo wa asubuhi ile uliyafunika yote; katika filamu unasikia mngurumo tu. Sote tukamtazama konstebo, naye akatazama kofia yake.

Binti alitumia jioni nzima kukata kipande cha sponji kutoka katika godoro kuukuu na kukifunga juu ya kinasa sauti chake. Kesho yake alimrekodi mama nyuma ya ukuta, mahali pasipo upepo, akieleza kwa maneno yake mwenyewe aliyoambiwa. Filamu aliyoipeleka Kampala ina zile sekunde arobaini, kisha sauti ya mama juu ya picha ya baiskeli tupu. Konstebo naye aliombwa aseme upande wake. Alikubali, akasema kwamba angependa kwanza kupata ruhusa ya mkuu wake. Nilipoondoka Masafu, ruhusa ilikuwa bado haijatoka, na binti alikuwa amemwachia nafasi ya sekunde ishirini.